Barafu Haivunjwi

Baba alilima ngano miaka arobaini na mmoja
kaskazini mwa Dauphin, akipigana na magugu
kama mtu anayedaiwa. Alipouza shamba
akahamia kwangu, Winnipeg,
akatandika uani nyasi ambazo hazioti.

Mita tisa kwa nne. Plastiki, mchanga ndani yake,
kikombe kimoja, bendera moja nyekundu.
"Hizi," alisema, "hazitaniomba mvua."

Siku ya mwisho ya Oktoba alitoka na fimbo yake ya gofu
kupiga mpira mmoja tu kabla ya giza.
Akapiga. Akateleza. Nyonga ikavunjika,
na hakuna aliyeona mpira ulikoishia.
Kwenye machela, kabla hata ya kusema inauma,
alisema: "Uliingia."
Usiku huo theluji ikashuka, ikafunika kesi.

Tangu hapo mimi ndiye mtumishi wa zulia.
Yeye yuko dirishani, mguu juu ya mto,
amri zake zinapita kiooni kwa vidole:
kidole kikitikiswa, usiguse koleo la chuma;
viganja vikipunga, theluji mpya isukumwe kwa ubao,
ibaki unene wa gumba, usikwangue hadi chini;
ngumi kifuani, usikanyage.
Kwa nyuzi thelathini chini ya sifuri
nyuzi za nyasi huwa tambi kavu.

Sheria hizo nazijua. Kona ya kushoto kuna kovu,
ukubwa wa sahani, la mwaka ule
kaka yangu Dmytro alipoona barafu akaleta sururu.
Baba amemsamehe talaka mbili.
Sururu bado.

Thorvaldson wa jirani, mtu mwema asiye na shughuli,
aliegemea ua: "Mwaga chumvi, binti.
Kesho utauona huo mpira."
Nikamweleza: chumvi huyeyusha, ndiyo, kisha hubaki,
ikawa ukoko katikati ya mchanga,
maji yakakosa njia, na Aprili tukafuga bata.
"Basi birika la maji ya moto."
Yatachoma kwanza, nikasema, halafu yatakuwa barafu nyingine.
Akaenda zake, akiamini ugonjwa wetu ni wa ukoo.

Sikumwambia kwamba usiku mmoja wa Januari
nilitoka na tochi na kijiko cha supu.
Kikombe kiko hatua tatu kutoka ukingoni.
Hatua tatu tu.
Nikapiga magoti pembeni, nikamulika.
Barafu ikanirudishia mwanga wangu bila jibu.
Nilipogeuka, taa ya chumba chake ilikuwa inawaka.
Hatukulizungumza hilo.

Mwishoni mwa Machi ganda likaanza kulia chini kwa chini.
Nikaacha liondoke lenyewe. Nikaokota majani mabovu,
nikachukua ufagio mgumu, nikafagia
kinyume cha ulalo, nyuzi zisimame.
Mpira haukuwepo popote juu ya nyasi;
lakini kuchakuro nao wana kazi zao.

Kikombeni palibaki kigogo cha barafu.
Nikakichomoa, nikakileta mezani kwenye bakuli.
Ndani kulikuwa na weupe,
pengine mpira, pengine hewa iliyonaswa.
Baba akaja na magongo yake, akaketi, akatazama.
Chai ikapoa. Tone la kwanza likaanguka.

"Kirudishe," akasema.
"Wapi?"
"Kwenye friza."

Kipo hadi leo, kati ya njegere na kabichi ya Krismasi.
Na jioni hizi za Mei anapiga tena, polepole,
akihesabu kwa sauti ili nisikie jikoni.
Jana alisema saba.
Mimi niliona sita.